Kilo 500 za mdomoni

"Linanyanyua nusu tani, bwana wangu. Kilo 500, usiwe na wasiwasi."

Hivyo ndivyo alivyonambia muuzaji wa matrekta kwa simu. Yeye yuko kwenye yadi yake Dar es Salaam, mimi niko barazani kwetu Ole, Pemba, simu nimeiweka sauti ya nje ili na vijana wangu wasikie. Nusu tani! Mimi ni mtu wa saruji na samadi, kwa hiyo hesabu niliifanya papo hapo kwa njia ninayoijua: mifuko kumi ya saruji. Nikaiona mifuko kumi inapanda Canter kwa mkupuo mmoja, na mgongo wangu umekaa kitako. Sikuuliza swali la pili. Miaka minne baadaye, swali hilo nisilouliza nimelilipia kwa shilingi, kwa oili iliyomwagika, na kwa dakika moja kwenye mteremko ambayo nikiikumbuka mpaka leo viganja vinatoka jasho.

Naandika kwa sababu naona matrekta haya madogo ya mtumba kutoka Japani yanazidi kuingia visiwani, na kila anayenipigia simu kutaka ushauri huanza pale pale nilipoanzia mimi: "Linanyanyua kilo ngapi?"

Biashara yangu ni ndogo. Nafyatua matofali ya saruji, nauza samadi kwa wakulima wa mboga, na msimu wa karafuu ukifika nabeba magunia ya watu. Kabla ya trekta tulikuwa na mabeleshi matatu, vijana wawili, na ami yangu mwenye gari ya ng'ombe. Kupakia Canter moja ya mchanga kulikuwa kunakula asubuhi nzima. Mchanga wenyewe siku hizi hauchimbwi ovyo, unakwenda kwa kibali, na gari ikishafika haitaki kusubiri mtu apumzike avute pumzi. Nilichokitaka ni trekta dogo linaloweza kupita njia zetu nyembamba na kupanda vilima vyetu. Wasioijua Pemba hudhani kisiwa ni tambarare kama meza. Waje waendeshe kutoka Mkoani mpaka Chake Chake, wataelewa.

Trekta nililolipata ni la nguvu za farasi 22, magurudumu yote manne yanavuta, na mbele lina mikono miwili ya chuma inayonyanyuliwa na silinda mbili za haidroliki, yaani zinazosukumwa na oili, na mwisho wa mikono kuna bakuli. Jina la kifaa hicho hapa kwetu halijatulia, wengine wanasema kijiko, wengine chepe. Mimi nitasema mikono na bakuli. Bei ilikuwa milioni 17 na nusu, na mpaka linashuka Mkoani lilikuwa limekula milioni mbili nyingine. Sehemu ya pesa ilikuwa ya mke wangu, akiba yake ya mwani. Hilo mliweke akilini, litarudi.

Wiki mbili za mwanzo nilikuwa mfalme. Kazi ilikuwa ya samadi kavu, na bakuli lilikuwa linakwenda juu kama halina kitu. Kumbe kweli lilikuwa halina kitu. Bakuli langu linachukua lita 150 hivi, na samadi iliyokauka ni nyepesi, lita 20 hazifiki hata kilo 10. Mimi nikiona bakuli limejaa na linapanda, nasema hizi ndizo kilo 500. Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, walisema wazee. Na mimi mzigo wa trekta niliuona usufi, kwa sababu haukuwa mgongoni kwangu.

Siku mchanga ulipokuja, ulikuja umelowa. Nikachota bakuli likajaa mpaka likafura, nikavuta liva. Mikono ikapanda mpaka usawa wa kifua, ikasimama. Ubavu wa Canter uko juu zaidi. Injini inanguruma, chini kwenye valvu kunapiga mluzi, bakuli halisogei. Dereva wa Canter ameshuka, kakunja mikono, ananitazama. Nikafanya anachofanya kila mtu: nikavuta mafuta mpaka mwisho. Moshi ukatoka, kelele ikaongezeka, bakuli liko pale pale.

Hapo ndipo pa kujifunza jambo la kwanza, ingawa mimi nilikuja kulijua miezi mingi baadaye. Pampu ya haidroliki haitoi nguvu, inatoa mwendo wa oili. Injini ikizunguka kwa kasi pampu inasukuma lita nyingi zaidi kwa dakika, na mikono inapanda haraka zaidi. Nguvu ni presha ya oili mara ukubwa wa uso wa pistoni, kile chuma kinachosukumwa ndani ya silinda, na presha ina mpaka uliowekwa na valvu ya usalama. Ikifika mpaka huo valvu inafunguka na oili inarudi kwenye tangi. Ule mluzi ndio valvu inasema basi. Ukivuta mafuta zaidi unaipasha oili moto tu.

Mimi sikuyajua hayo. Nilichokijua ni kuwa nimeuziwa kilo 500 na sizioni. Nikampigia muuzaji, akanambia pengine pampu imechoka, nitafute fundi. Nikatafuta fundi.

Fundi alikuwa mtu mchangamfu, hodari wa magari. Akafungua valvu ile ya usalama, akatoa springi, akaongeza washa tatu chini yake, vile vipete bapa vya chuma, akafunga. Springi ikibanwa zaidi, valvu inafunguka kwa presha kubwa zaidi. Hakuwa na geji ya kupimia presha. Hakupima kabla, hakupima baada. Alichukua shilingi 40,000, akanywa chai, akaondoka. Na bwana wee, trekta likanyanyua! Bakuli la mchanga lililolowa likapanda mpaka juu, likamwaga ndani ya Canter, vijana wakapiga makofi. Nilimsifu fundi yule kijiji kizima.

Hebu nisimame hapa kidogo kwenye hesabu, maana ndipo penye kiini na watu huparuka. Silinda zangu za kunyanyulia zina kipenyo cha milimita 40. Uso wa pistoni ni kama sentimita mraba 12 na nusu. Presha ya kiwandani ya trekta langu ni bar 140, yaani kama kilo 143 kwa kila sentimita mraba moja. Zidisha: kila silinda inasukuma karibu kilo 1,800, na mbili kilo 3,600. Tani tatu na nusu! Basi zile kilo 500 nazo zinapotelea wapi? Zinapotea kwenye urefu. Silinda inasukuma mkono karibu na bawaba yake, na mzigo uko mwisho wa mkono, mbali. Shika ndoo ya maji kifuani, utazungumza na jirani huku umeishika. Inyooshe mbele kwa mkono mmoja, uone utamaliza salamu au hutamaliza. Tena mikono inapopanda juu, silinda inazidi kulala sambamba na mkono na kusukuma vibaya, ndiyo maana trekta linaloweza kung'oa kitu kizito ardhini linashindwa kukifikisha juu.

Sasa ukiongeza presha kwa washa, unapata nguvu kweli. Ila kila kitu kilichopo katikati nacho kinaongezewa: mipira ya kupitishia oili, sili zinazoizuia isivuje, pampu, pini, fremu, na chini kabisa, ekseli ya mbele. Wao hawakuongezewa washa.

Wiki ya tatu tangu washa zitiwe, mpira mmoja wa oili ukapasuka. Siku mbili kabla ulikuwa umeshatoa ukungu mwembamba wa oili, na kijana wangu mmoja alikuwa tayari kupeleka kidole atafute panapovuja. Nilimzuia kwa sababu oili ilikuwa ya moto, si kwa sababu nilijua. Sasa najua: oili inayotoka kwenye tundu la sindano kwa presha hiyo inapenya ngozi na kuingia ndani ya nyama. Kwa nje utaona alama kama umechomwa na mwiba, ndani mkono unaoza. Panapovuja patafutwe kwa kipande cha boksi, injini ikizimika liva ichezwe kwanza mpaka presha iishe, na mtu akipata jeraha la namna hiyo apelekwe hospitali saa hiyo hiyo na daktari aambiwe ni oili ya presha, asikae nyumbani kusubiri livimbe. Katika yote niliyoandika, hili ndilo ambalo ningependa lisomwe hata kama mengine yatarukwa.

Mpira mpya na oili ya kujazia vilikula shilingi 290,000. Nikarudi kazini, washa zimo ndani vile vile.

Kisha ikaja ile siku ya mteremko. Tulikuwa tunashusha mawe kwa ajili ya msingi wa nyumba ya jamaa, njia inashuka, udongo mwekundu umepata manyunyu. Bakuli nimelibeba juu, usawa wa macho, ili nione njia chini yake. Nikakanyaga breki na trekta halikupunguza mwendo. Nikageuka nyuma nikaona tairi la kulia la nyuma liko hewani, linaning'inia kama kishada kilichokosa upepo. Breki za matrekta haya ziko kwenye magurudumu ya nyuma. Nyuma ikiwa nyepesi, breki ni mapambo tu, na mimi sikuwa nimeingiza gia ya kuvuta magurudumu yote manne, ambayo ingeipeleka breki mpaka mbele kupitia mtambo wenyewe. Kilichoniokoa ni mkono ulioteremsha liva bila kuniuliza. Bakuli likagonga ardhi, trekta likakaa, mawe mawili yakabiringika mpaka kwenye migomba ya watu.

Ami yangu alikuwa nyuma na gari yake ya ng'ombe. Akashuka, hakusema kitu mpaka aliponiona nimetulia.

"Mwanangu, hii gari yangu ina magurudumu mangapi?"

"Mawili, ami."

"Nikiupakia mzigo wote mbele ya ekseli, nani anaumia?"

"Ng'ombe. Nira inamkandamiza shingo."

"Na nikiupakia wote nyuma?"

"Nira inampanda kooni, inataka kumnyanyua."

"Ehe. Sasa wewe mzigo wako umeuweka mbele ya ekseli ya mbele, juu, na huku nyuma hapana kitu. Ng'ombe wako ni huyu mwenyewe anayening'inia." Akalipiga teke lile tairi la nyuma.

Ami hajasoma mekanika mahali popote. Ila miaka arubaini ya kupakia gari ya ng'ombe imemfundisha kwamba kabla ya kuuliza mzigo una uzito gani, uulize umekaa wapi. Nilipokuja kuifanya hesabu kwa kalamu nilikuta yuko sawasawa. Kati ya ekseli ya mbele na ya nyuma ya trekta langu ni mita 1.4. Mzigo kwenye bakuli uko kama mita moja mbele ya ekseli ya mbele. Ukiweka kilo 300 pale, ekseli ya mbele haibebi kilo 300 za ziada, inabeba kama 514, kwa sababu zile 214 zaidi zimenyang'anywa nyuma. Trekta ni mizani ya kubembea, na ekseli ya mbele ndiyo bawaba yake.

Nilimwelewa, lakini nusu. Nilichosikia ni kwamba nyuma iongezwe uzito, nikatafuta njia rahisi: kujaza maji matairi ya nyuma. Njia yenyewe ni nzuri na bado naitumia. Unageuza tairi mpaka vali ya upepo ikae juu kabisa, unajaza maji mpaka yafike kwenye vali, hiyo inakuwa robo tatu ya tairi, juu unabakisha upepo. Nchi za baridi wanalazimika kutia dawa ili maji yasigande, sisi Mungu ametusamehe hilo, maji ya bomba yanatosha. Yasiwe ya bahari tu, yatakula rimu. Baada ya hapo trekta likatulia, nyuma hainyanyuki tena, nikajiona nimemaliza.

Sikuwa nimemaliza. Maji ndani ya tairi yanakaa juu ya ekseli ya nyuma yenyewe. Yanazuia trekta lisipinduke mbele, lakini ekseli ya mbele hayaipunguzii hata kilo moja. Kwa hiyo nilikuwa sasa nina trekta linaloweza kubeba mzigo mkubwa zaidi bila kunitisha, presha imeongezwa, na ule mzigo wote umekiangukia kiungo kimoja dhaifu pale mbele. Ule wasiwasi wa tairi kuning'inia ulikuwa ndio onyo langu la mwisho, nikaliziba mdomo.

Ekseli ikakatika mwezi wa Agosti. Kwanza sili za oili kwenye kona ya gurudumu la kushoto zikaanza kulia machozi, nikazifuta kwa tambara. Kisha mlio wa tak, tak, kila nikikata kona na mzigo. Kisha siku moja gurudumu likakataa kuvuta na meno ya gia yakatoka pamoja na oili nilipofungua kizibo. Spea ya mtumba ilitoka Dar es Salaam, shilingi 1,350,000, na kazi ya kufunga 250,000. Trekta lililala wiki tisa. Karafuu zikaanza kuchumwa, watu wakanipita mlangoni na magunia yao wakitafuta gari nyingine.

Mke wangu ndiye mwenye daftari la biashara. Usiku mmoja akalifungua, akasoma yote tangu mwanzo kwa sauti, kisha akalifunga.

"Baba fulani," akanambia (jina la mwanetu nalihifadhi), "wewe karafuu huuzi hata pishi moja mpaka uone mizani kwa macho yako. Konyo moja, kijiti tu cha karafuu, likikutwa ndani unabishana. Hili trekta la milioni 17 ulipimiwa na nani?"

Sikuwa na jibu. Nilipimiwa na mdomo wa mtu.

Kesho yake nilifanya nilichopaswa kufanya kabla ya kulipa. Kwenye mkono wa kulia wa kile kifaa kuna kibati chenye maandishi ya Kijapani nilichokuwa nakiosha kila Ijumaa bila kukisoma. Nikakipiga picha, nikampelekea mtoto wa dada yangu aliyeko chuoni, akakitafsiri kwa simu. Ile 500 ilikuwepo kweli! Muuzaji hakusema uongo. Ila ilikuwa nguvu ya kung'oa, bakuli likiwa chini ardhini. Mstari wa pili ulikuwa uwezo wa kunyanyua mpaka juu kabisa: kilo 400. Na zote mbili zilipimwa kwenye pini.

Neno hilo, kwenye pini, ndilo lenye kisa chote. Pini ni pale mkono unapoungana na bakuli. Viwanda hupenda kupima hapo kwa sababu ndipo namba inapotoka kubwa. Lakini hakuna mtu anayebeba mchanga kwenye pini, mchanga unakaa mbele yake, ndani ya bakuli. Ndiyo maana baadhi ya karatasi za kiwandani hutoa na namba nyingine, ya milimita 500 mbele ya pini, na hiyo ndiyo inayokaribia kazi ya kweli. Langu halikuwa nayo, nikaikadiria. Mkono wangu kutoka kwenye bawaba mpaka pini ni mita 1.6. Kilo 400 mara 1.6 ni 640. Bakuli tupu ni kilo 80, na uzito wake umekaa kama sentimita 30 mbele ya pini, linakula 152 katika zile 640. Zinabaki 488. Gawa kwa mita 2.1, ambako ndiko uliko mzigo: kilo 232.

Kilo 232. Kutoka 500. Hakuna kilichoharibika, hakuna pampu iliyochoka, hakuna aliyeniibia. Mchanga uliolowa una uzito wa kama kilo 1,900 kwa mita moja ya ujazo, kwa hiyo bakuli langu la lita 150 likijaa ni kilo 285, na likifura ni zaidi. Siku ile trekta liliposimama usawa wa kifua lilikuwa linafanya hasa kile lilichotengenezewa.

Nilimwita fundi mwingine, huyu alitoka Unguja, mtu aliyezoea matrekta ya mabonde ya mpunga. Kitu cha kwanza kutoka mkobani kilikuwa geji. Akaifunga kwenye njia ya oili, akanambia nivute liva mpaka mwisho na niishikilie sekunde mbili tu. Sindano ikafika 185. Akatikisa kichwa, akatoa zile washa, akapima tena: 138. "Pampu yako nzima," akasema. "Hii ilikuwa haina ugonjwa wowote, yakhe." Akafungua na chujio la oili, limejaa tope. Oili ilikuwa imeanza kuwa nyeupe kama chai ya maziwa, dalili ya maji kuingia, na unyevu wetu wa masika unafanya hivyo ukiacha kifuniko cha tangi kimelegea. Oili ya namna hiyo inatoa povu, na povu halinyanyui kitu. Shilingi 180,000 kwa kila kitu, nauli ya boti ndani yake. Ningemwanza yeye, lakini wa kwanza alikuwa karibu na alikuwa na maneno matamu.

Baada ya hapo nikafanya mtihani wa mifuko ya saruji, na huu mtu yeyote anaweza kuufanya. Nikaazima mifuko minane dukani kwa jirani, kila mmoja kilo 50, nikatandika turubai ndani ya bakuli isichanike. Uwanja tambarare, watoto wote mbali. Mifuko minne ilipanda mpaka juu bila kelele. Ya tano ikasimama chini kidogo ya ubavu wa Canter. Sita, usawa wa kiuno. Saba, goti. Ya nane sikuijaribu, nikaona heshima ya ekseli mpya inatosha. Kisha nikaweka minne juu, nikazima injini, nikapiga alama ya chaki kwenye mkono kuona inashuka kiasi gani kwa dakika tano, ili nijue hali ya sili za silinda. Ilishuka upana wa vidole viwili. Hakuna aliyeruhusiwa kupita chini yake, hata kuku nilimfukuza.

Uzito wa nyuma nao nikautengeneza upya, safari hii kwa akili ya ami. Nikakata pipa la lita 200 katikati, nikapitisha nondo na chuma cha kufungia kwenye mikono mitatu ya nyuma ya trekta, ile ya kufungia jembe, nikamwaga zege. Lita 100 za zege ni kama kilo 240. Linaning'inia karibu sentimita 80 nyuma ya ekseli ya nyuma, na kwa kukaa huko nyuma linainyanyua mbele: hesabu inasema linaipunguzia ekseli ya mbele kilo 137. Yale maji ya tairi yasingefanya hivyo hata kama ningejaza bahari. Saruji, kokoto na nondo za mabaki, jumla shilingi 60,000. Kitu cha bei ndogo kuliko vyote katika kisa hiki ndicho kilichofanya kazi kubwa kuliko vyote, na nilikinunua cha mwisho.

Siku hizi mchanga uliolowa nachota bakuli robo tatu. Bakuli halinyanyuliwi njiani zaidi ya goti. Kuteremka na mzigo, gia ya magurudumu manne iko ndani na sigeuzi kona kali. Mzigo nisioujua napima kwanza: nachukua ndoo ya lita 20, naijaza, naiweka kwenye mizani ya jirani ya kupimia karafuu, nazidisha mara saba na nusu. Mchanga uliolowa ulinipa kilo 38 kwa ndoo, mkavu 32, samadi mbichi 18. Waliotaka niwafungie uma za kubebea mapipa ya maji niliwakatalia. Pipa likijaa ni zaidi ya kilo 200, na kwenye uma linakaa mbali na pini kuliko mchanga kwenye bakuli, na uma zenyewe nazo ni chuma. Kuna aliyenuna. Alikwenda kwa mtu mwingine mwenye trekta kama langu, na pipa likashuka njiani lenyewe.

Kwa anayetaka kununua, mimi nasema usiulize kilo ngapi. Uliza kilo ngapi, kwenye pini au mbele ya pini, ardhini au juu, na bakuli limo ndani ya hesabu au halimo. Muuzaji akikuona umeuliza hivyo atakwenda kusoma kibati mwenyewe, kama alivyofanya yule niliyempigia mwaka jana kwa ajili ya rafiki yangu wa Konde. Akanyamaza kidogo kwenye simu, kisha nikasikia nyayo zake anatembea kwenye kokoto za yadi.

Daftari la mke wangu linasema makosa yamefika shilingi 2,170,000 bila kuhesabu wiki tisa za karafuu, ambazo yeye anazihesabu na mimi nazikwepa. Akiba yake ya mwani nimeirudisha yote isipokuwa laki tatu. Zile washa tatu nimezihifadhi kwenye kopo la misumari. Na jana wakati wa kuosha nimeona sili ya kona ya kushoto imeanza tena kutoa unyevu kidogo, kwa hiyo kesho asubuhi, kabla ya mchanga, nitaifungua.